Mzee Aliyepita Dirishani

Mimi ni mtu wa shaka, na nalisema mapema ili usije ukasema nilikuficha. Ukinikaribisha chai, nachungulia kikombe kwanza. Ukiniambia "narudi sasa hivi," nitatazama umeacha nini nyuma. Wanangu hunicheka, wanasema mama angezaliwa mwanamume angekuwa kachero. Wacheke tu. Shaka hiyo imenilisha miaka mingi, na shaka hiyohiyo ilimtoa mtoto wa watu mikononi mwa mama yake. Hilo ndilo nataka kulisema hapa, maana nimezeeka na sijawahi kulisema lote.

Nilizaliwa Iringa mjini, katika nyumba ya udongo yenye baraza, karibu na msikiti. Asili ya baba ilikuwa pwani. Babu yake alipanda na misafara ya biashara, akaona baridi ya Iringa, akailaani, akaoa, akabaki. Baba aliuza vitambaa na chumvi. Alikuwa akipeleka mali yake Makongolosi kwa wachimba dhahabu, anakaa wiki mbili, anarudi. Nilipokuwa na miaka sita hivi, alinishika kidevu asubuhi moja akaniambia atarudi Ijumaa ya pili, na ataniletea viatu. Nikamwamini. Kila Ijumaa nilikaa barazani nimeosha miguu. Zikapita Ijumaa hata nikaacha kuhesabu, ndipo tukasikia kwamba ana mke huko Makongolosi, na ana mtoto wa kike, na huyo mtoto anavaa viatu.

Mama hakulia mbele yangu. Aliniambia tu kwamba maneno ya mtu yasinishughulishe, nitazame miguu yake inaelekea wapi. Tangu siku ile sikuacha kutazama miguu ya watu.

Katika miaka ya hamsini wasichana tuliojua kusoma na kuandika vizuri hatukuwa wengi, na ofisi moja ya serikali Mbeya ikaniajiri. Kazi ilikuwa kuzunguka vijijini kutazama hali za familia: wajane, yatima, wazee wasio na wa kuwapikia. Watu walituita mabibi maendeleo. Mkubwa wangu alikuwa memsahibu mmoja wa Kizungu, mrefu, mwenye sauti ndogo na viatu vikubwa. Kabla ya kututuma popote alitufungia darasani miezi mitatu, akatufundisha tabia za binadamu tangu anapozaliwa mpaka anapozikwa.

Niliyapenda mafunzo yale, nisiseme uongo. Nilikuwa na daftari la jalada gumu jeusi, na kila ngazi ya maisha niliipa ukurasa wake. Mtoto mchanga, alisema memsahibu, hujifunza jambo moja kabla ya mengine yote: kuamini au kutoamini. Akilia akachukuliwa, ataiamini dunia. Akilia akaachwa, ataitazama dunia kwa jicho la pembeni hadi uzeeni. Mtoto wa miaka miwili mitatu huwa na mtu wake, na mtu huyo akiondoka ghafla, mtoto kwanza atalia, kisha atakata tamaa, kisha atanyamaza, na watu watadhani ametulia. Tukaenda hivyo mpaka kwa vijana wenye kiburi, watu wazima wenye majukumu, na wazee ambao hutazama nyuma wakijiuliza kama wameishi bure.

Na siku moja akatuamuru tuandike neno hili: mtu hatazamwi peke yake. Mtazame pamoja na nyumba yake, majirani zake, mila zake, na njia anayopita kwenda mtoni. Nililipiga mstari mwekundu mara mbili, nikageuza ukurasa.

Basi kila niliyemjua nikamtafutia ngazi yake mle daftarini. Mama yangu, muadhini, mpishi wa memsahibu, memsahibu mwenyewe. Mimi tu sikujitafuta.

Mkalimani wangu alikuwa tarishi wa ofisi, mtu wa makamo, Mnyakyusa wa upande wa Tukuyu, mwenye kaptula ya kaki iliyonyooshwa ikasimama kama ubao. Kinyakyusa mimi sikukijua hata cha kuombea maji. Yeye alitafsiri neno kwa neno, halafu akanyamaza, na ukimya wake ulinikera. Nilishuku kwamba anakunywa pombe. Nilimkaribia makusudi asubuhi ili nimnuse. Alikuwa ananuka sabuni tu.

Na wao vijijini walinishuku mimi. Mwanamke aliyevaa gauni na baibui, ana kalamu, anauliza una watoto wangapi na wanalala wapi! Ilisemekana natumwa na mumiani, wale wanyonya damu, na kwamba ndani ya daftari langu kuna orodha ya watoto wanono. Nikitokea njiani, akina mama waliita watoto ndani. Nikakasirika, nikaandika: "Wenyeji wana mambo ya kuficha."

Siku moja dresa, mfunga vidonda wa zahanati moja kando ya barabara ya Tukuyu, alinipa habari. Mzee mmoja ameleta mtoto wa kike wa miaka kama mitatu, mkono umeungua kwa uji. Kuungua si ajabu. Ajabu ni kwamba mzee alikuja naye peke yake, na mama wa mtoto alisimama barabarani mbali, chini ya mkaratusi, amejifunika kanga mpaka usoni. Mzee alipotoka zahanati kwa mlango huu, mama akakimbilia vichakani upande ule.

"Yule mama anaogopa," dresa akasema. Alikuwa mgeni kama mimi, Mbondei wa Muheza, naye alijua Kinyakyusa kama nilivyokijua mimi.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mimi nilichukua ile nusu ya kwanza peke yake, nikafunga safari.

Kwao mtoto palikuwa baada ya kupita Uyole na kuanza kupanda, mahali penye migomba minene hata jua halionekani vizuri. Kulikuwa na nyumba mbili zilizotazamana kwa mbali. Moja ya mzee, mjane, mzee wa kanisa mwenye koti refu la kijeshi. Nyingine ya mke wa mwanawe. Mwana mwenyewe alikuwa migodini Rhodesia ya Kaskazini, mwaka wa pili huo.

Tulimkuta mama mtoto anamenya ndizi uani. Alikuwa binti tu, hakuzidi miaka ishirini na mbili, anacheka upesi. Tarishi akasema "Ugonile," naye akajibu kwa adabu, akatutandikia mkeka. Mtoto alikuwa mgongoni, mkono umefungwa bendeji. Nikajiambia, mbona mambo ni mazuri? Hapo hapo, kutoka ndani ya migomba, nikasikia kikohozi.

Hakikuwa kikohozi cha mgonjwa. Kilikuwa kikohozi cha kukusudia, kikubwa, mara mbili. Binti yule alibadilika usoni. Alimtua mtoto chini, akaacha kisu, akavuta kanga mpaka kidevuni, akatokomea nyuma ya nyumba mbio, hata hakutuaga! Na mtoto je? Mtoto hakulia. Aliinua uso, naye akakohoa mara mbili, kikohozi kidogo cha kifuani, kisha akamkimbilia mzee aliyekuwa anatokea. Mzee akamnyanyua. Mtoto akashika ndevu zake.

Nilitoa daftari palepale. "Mzee anapokaribia hukohoa kwa vitisho. Mama hukimbia na kumwacha mtoto. Mtoto haonyeshi kumtafuta mama. Mtoto ana kifua."

Nilimwuliza tarishi, "Umeona?"

"Nimeona, bibi."

"Basi."

Hakuongeza neno, nami nikaandika pembeni kwamba tarishi naye huenda ni jamaa yao.

Nilirudi mara tatu. Kila mara mambo yakawa yaleyale: kikohozi, mbio, ukimya. Mara ya tatu nilimfuata binti nyuma ya nyumba, nikamkuta amechutama katikati ya migomba, mgongo kauelekeza kwa mzee. Nilimwuliza kwa ishara kama anapigwa. Alitabasamu kwa aibu, akatazama chini. Nikaona huo ndio ushahidi wenyewe, maana nilimjua mwanamke mwingine aliyetabasamu hivyo, aliyekuwa akiwaambia majirani kwamba mumewe atarudi Ijumaa.

Memsahibu akasoma maandishi yangu, akasema tuwaite wote wawili ofisini, kila mmoja asikilizwe mbele ya mwenzake, haki itendeke. Nilikubali kwa moyo mweupe. Ofisi ilikuwa na chumba kimoja, mlango mmoja na dirisha moja kubwa. Nikapanga benchi moja.

Mzee alifika mapema, koti lake limefungwa vifungo vyote, mtoto mapajani. Alinisalimu kwa Kiswahili kibovu chenye heshima tele. "Mama, mimi nimekuja. Serikali naita, mimi nakuja." Binti alikuwa nje, upande wa pili wa uwanja. Nilimtuma tarishi amlete. Akarudi peke yake.

"Hataki kuingia, bibi."

"Kwa sababu gani?"

"Mzee yumo."

"Ndiyo sababu tunamwita! Mlete."

Tarishi alinitazama. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama machoni, na nilidhani ni ujeuri. Akaenda. Walikuja polepole, yeye mbele, binti nyuma yake amejificha kwenye mgongo wake. Alipofika mlangoni aliingia kinyumenyume, kanga imefunika kichwa chote, akabana palepale mlangoni, uso ukutani, anatetemeka hata kanga ikatetemeka. Mzee alipoona nguo yake tu, aliinuka kama aliyeketi juu ya kaa la moto. Akageukia ukuta wa upande wa pili. Basi wakasimama hivyo, wawili, kila mmoja amepewa ukuta wake, na mimi katikati na kalamu.

"Mwulize," nikamwambia tarishi, "mzee huyu anamfanya nini?"

Tarishi akauliza. Akauliza tena. Binti akazidi kujikunja, nikasikia meno yake yanagongana.

Hapo ndipo mzee alipofanya jambo ambalo sijawahi kulisahau. Alimweka mtoto sakafuni taratibu. Akatazama mlango; mlango umezibwa na mke wa mwanawe. Akatazama dirisha. Akanyanyua koti lake kama mwanamke anayevuka mto, akapandisha goti moja juu ya dirisha, kisha la pili, mzee wa watu, mwenye mvi, mzee wa kanisa, akajirusha nje kwenye maua ya memsahibu. Nikasikia matawi yanavunjika. Mtoto akapiga yowe.

Memsahibu akasema, "Good heavens!" Mimi nikaandika: "Mtuhumiwa alijaribu kutoroka kupitia dirishani."

Kwa sentensi ile mtoto akaondoka. Amri ilitoka wiki hiyo hiyo. Apelekwe kwa muda kwenye nyumba ya kulelea watoto ya wamisioni kule Iringa, mpaka baba yake arudi kutoka migodini au mama yake apate pa kuishi mbali na mzee. Nilimpeleka mwenyewe kwa basi. Mpaka Chimala alilia. Kuvuka mashamba ya mpunga ya upande wa Ubaruku sauti ilimkauka, akawa anatoa pumzi tu. Kupita Makambako akanyamaza, akatazama dirishani. Nikajiambia ametulia.

Ndiyo, ndivyo nilivyojiambia, na daftari lilikuwa mapajani mwangu.

Tangu hapo kila Alhamisi, siku yangu ya kukaa ofisini, yule binti alikuja. Alitembea kutoka kwao, akaketi kwenye ngazi za ofisi na kibuyu kidogo cha maziwa mgando. Aliamini mtoto yumo ndani. Tarishi alimweleza kwamba yuko Iringa. Akauliza kama Iringa ni mbali kuliko Tukuyu. Akaambiwa ni mbali zaidi. Akafikiri, akamkabidhi tarishi kibuyu, akasema basi apelekewe kabla hayajachacha sana. Alhamisi iliyofuata akaja na kingine.

Na mbali kule, hatua kama mia, chini ya miti, alisimama mzee na koti lake. Nikamwonyesha memsahibu: "Unaona? Anamlinda asije akasema kitu." Walipoondoka, binti alitangulia, mzee akafuata mbali, na kila njia ilipopinda akakohoa. Nilisimama dirishani nikawatazama mpaka wakapotea, nimejawa na hasira ya mtu mwenye haki.

Ilikuwa mwezi wa nne au wa tano tangu mtoto aondoke nilipotumwa kufundisha wanawake kushona, kwenye ukumbi wa kanisa moja njia ileile ya Tukuyu. Tulikuwa kumi na wawili, tunashona magauni ya watoto. Hawakunipenda ila sindano walizipenda. Mara akapita mzee mmoja nje, anasukuma baiskeli, akakohoa. Mwanafunzi wangu mmoja, mwanamke mnene mwenye watoto watano, alitupa kitambaa, akaruka benchi, akajibanza nyuma ya mimbari ya mchungaji na kitako kimechomoza.

Nilimfuata mbio. "Nani yule? Anakupiga?"

Walinielewa, maana wawili watatu walijua Kiswahili. Wakacheka. Loo, walicheka! Mmoja alilala chini akapiga sakafu kwa kiganja. Yule wa nyuma ya mimbari alicheka mpaka akatoa machozi, na bado hakutoka.

"Bibi," mmoja akaniambia akijifuta macho, "huyo baba mkwe wake! Sasa amwangalie vipi?"

"Kwa nini asimwangalie?"

"Sisi huku baba mkwe hatumwoni. Hatupiti naye njia moja. Hatuketi naye nyumba moja. Akija, wewe unapisha. Mzee wa heshima yeye anakohoa mbali, ili mke wa mtoto wake asiaibike, apate nafasi. Mzee asiyekohoa, huyo sasa muogope."

"Na wakiwekwa chumba kimoja?"

Kicheko kikakatika. Walitazamana. "Nani atafanya hivyo?" akauliza yule. "Ni kama kuvuliwa nguo mbele ya watu."

Nilikuwa na sindano mkononi. Niliketi kwenye benchi na sikuweza kuingiza uzi. Nilikumbuka lile dirisha. Mzee yule hakunitoroka mimi. Alikuwa anamtafutia binti yule njia ya kupumua, na kwa kuwa mlango niliuziba, akavunja heshima yake mwenyewe ili kuilinda ya mwenzake. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Nilirudi Mbeya nikamvamia tarishi. "Ulijua!"

"Nilijua, bibi."

"Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza." Aliweka chini mfuko wa barua. "Ulisema nitafsiri maneno. Wao hawakusema maneno. Na mimi ningesema, ungeandika kwamba ni jamaa yangu."

Ebo! Nilitaka kumjibu kwa ukali, nikakumbuka kwamba nilikuwa nimeshaandika.

Usidhani kosa likijulikana linafutika. Nilimwendea memsahibu nikamweleza yote. Alinisikiliza, vidole vimeshikana, kisha akaniuliza kwa sauti yake ndogo, "Wamekupa nini?"

"Nani?"

"Familia ile. Kuku? Ndizi? Juzi ulikuwa na hakika. Leo una hakika tena, upande mwingine."

Sikuweza kumlaumu. Alikuwa ananitazama miguu, kama nilivyofundishwa kutazama wengine. Alitaka barua ya mchungaji, barua ya chifu, barua ya dresa. Dresa alikuwa amehamishwa. Chifu alikuwa safarini. Karatasi zikatembea kwa mwendo wao, na kila Alhamisi binti aliketi kwenye ngazi na kibuyu chake. Sasa nilishindwa kupita pale. Nikawa nazunguka nyuma ya ofisi, mimi niliyemwandika mtu kuwa mtoro kwa kupita dirishani. Mwezi wa nane tangu aondoke ndipo nilipotumwa Iringa kumchukua mtoto.

Masista walimlea vizuri, siwezi kuwasingizia. Alikuwa amenenepa, kovu la mkono limekuwa dogo. Aliletwa uani amevaa gauni la buluu na viatu vyeusi vya ngozi. Alinipa mkono, akasema, "Shikamoo, mama."

"Mimi si mama yako," nikamwambia.

"Ndiyo, mama."

Usiku ule tulilala kwa mama yangu. Mama alimpa uji, akamtazama anavyokula, hadondoshi hata tone, hacheki, haulizi kitu.

"Nani alimtoa kwao?" mama akauliza.

"Mimi."

Mama akainama, akavifuta vile viatu vya mtoto kwa ncha ya kanga yake, akaviweka ukutani sawasawa.

"Ana viatu," akasema.

Siku ya pili ndani ya basi mtoto alilala kifuani kwangu. Alizungumza Kiswahili safi cha masista, na maneno mawili matatu ya Kihehe. Nilimwuliza kama anamkumbuka mama yake, akanionyesha mimi kwa kidole. Nilimwuliza kama anamkumbuka babu. Akatazama nje. Nilifungua ule ukurasa wa mtoto aliyenyamaza, nikausoma wote, kisha nikalifunga daftari, nikalikalia.

Tarishi alitusubiri njia panda ya kwao, kaptula imenyooshwa. Tulikwenda kwa miguu ndani ya migomba. Watu walikuwa wamesimama milangoni, na safari hii hawakuita watoto ndani. Walitaka kuona kama mumiani anarudisha.

Binti alikuwa uani. Alimwona mtoto, akaangusha ungo, akaja mbio, akapiga magoti mbele yake na kumshika mashavu. Alisema maneno mengi kwa Kinyakyusa, upesi upesi, anacheka na kulia. Mtoto alisimama wima. Akamwachia mashavu ashike. Halafu akanigeukia mimi.

"Mama, anasema nini?"

Nami sikujua. Nilimtazama tarishi. Mtu mzima yule alichutama pale kwenye vumbi, katikati ya mama na mwanawe, kaptula ikajikunja, akawa anatafsiri.

"Anasema umekua."

"Mwambie ahsante," akasema mtoto.

Tarishi akatafsiri ahsante. Binti akaniinulia uso. Nilitegemea anitukane, ningefurahi kama angenitukana. Alisema kitu kwa sauti ya chini, na tarishi akakileta kwangu.

"Anauliza, mtoto huyu atamwelewa lini?"

Hilo halikuwemo katika daftari langu. Na hapo, kutoka ndani ya migomba, kikaja kikohozi. Mara mbili.

Binti alimtazama mtoto, akatazama migomba, nikaona miguu yake inasita. Nilitaka kumshika mkono nimwambie, baki, leo tu. Lakini nilikuwa nimeshamlazimisha mara moja. Akavuta kanga juu ya uso, akainuka, akaenda nyuma ya nyumba, akamwacha mtoto ambaye ndiyo kwanza amempata.

Mtoto alikuwa ameshika gauni langu. Kikohozi kikaja tena, karibu kidogo, kisha kikanyamaza. Mzee hakutokea. Alisimama huko ndani, nadhani naye alikuwa anaogopa kuona.

Nilihisi vidole vinalegea kwenye gauni. Mtoto aliinua kichwa. Alikunja uso kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe. Akafungua mdomo, akakohoa. Mara mbili, kidogo, kutoka kifuani, kama siku ile ya kwanza. Migomba ikatikisika. Mtoto akavua kiatu kimoja, sijui kwa nini, akakiacha pale, akakimbia na kimoja mguuni.

Nilisikia mzee anacheka kwa sauti ya kulia. Nikageuka kumtafuta binti. Alikuwa amechutama palepale nilipomkuta siku ile, mgongo kaelekeza kwao, kanga usoni, anasikiliza, na hakuweza kwenda.

Kwake yeye ilichukua muda mrefu. Tarishi alikuwa akiniletea habari: leo mtoto amemwita mama, leo amekataa kulala naye, leo amemwomba maziwa kwa lugha ya kwao. Mvua za masika zilikuwa zimekwisha ndipo aliponiambia kwamba sasa hawahitaji tena mtu wa kutafsiri.

Lakini siku ile niliyomrudisha, nilipofika Mbeya, nilitafuta ule ukurasa wa kwanza wenye habari zao. Nikachukua kalamu nyekundu nikakata maneno "mtoto ana kifua." Yaliyobaki, ya vitisho na ya mtuhumiwa na ya dirisha, sikuyakata. Niliyaacha kwa mkono wangu mwenyewe, maana najijua. Ningeyakata, leo ningekwambia sikuyaandika.